Kutabiri utendaji wa wafanyakazi: vigeu vyote mara moja, hatua kwa hatua, au uzito sawa?

kigeu_huru: Wakuu, nina data ya wafanyakazi 90 na vigeu 8, vikiwemo umri, miaka ya uzoefu, elimu, mtihani wa uwezo na usaili. Kigeu tegemezi, yaani kinachotabiriwa, ni alama anazopewa kila mmoja na msimamizi wake. Kwenye regresheni (hesabu inayokipa kila kigeu uzito wake wa kutabiri) niingize vyote mara moja, niiachie programu ichague hatua kwa hatua, au nipange kwa ngazi, kundi baada ya kundi?

nukta_mkato: Hatua kwa hatua achana nayo kabisa. Badilisha watu wachache tu kwenye sampuli uone orodha ya vigeu "bora" inavyogeuka. Thamani za p (zinazopima kama matokeo yanaweza kuwa ya bahati tu) nazo zinapotosha, maana hazihesabu vigeu vilivyojaribiwa vikatupwa. Halafu vigeu 8 ni vingi. Kanuni ya Green ya 1991 ya ukubwa wa sampuli ni 50 ujumlishe mara 8 ya idadi ya vigeu, kwa hiyo ungehitaji watu 114. Ukipunguza hadi 5, unafika 90 kamili.

afisa_ajira: Anza kwa kutoa umri. Unapanda pamoja na uzoefu, na ukiviweka vyote viwili, uzito wa kimoja unaweza kugeuka hasi ilhali kikiwa peke yake ulikuwa chanya. Mkubwa wako akiona hasi kwenye umri, atahitimisha kwamba wazee hawafai, na kuna watu watakosa kazi kwa sababu hiyo. Kagua VIF, kipimo cha jinsi kigeu kinavyoingiliana na vingine: kigeu ambacho wenzake wanaeleza asilimia 90 ya mtawanyiko wake kina VIF ya 10. Baada ya hapo mimi napenda ngazi. Weka uzoefu na elimu kwanza, kisha mtihani na usaili, uone R mraba (sehemu ya tofauti za utendaji ambayo modeli inaeleza) imeongezeka kiasi gani.

mizani: Jaribu na uzito sawa. Geuza kila kigeu kiwe alama sanifu (umbali kutoka wastani, ukigawanya kwa mkengeuko sanifu), jumlisha, basi. Mwanasaikolojia Dawes alionyesha mwaka 1979 kwamba njia hiyo inashindana vizuri na uzito wa regresheni, hasa sampuli ikiwa ndogo. Pima zote mbili kwa watu ambao modeli haijawaona.

kigeu_huru: Asanteni. Mgawo wa mtihani, yaani uzito wake kwenye regresheni, umetoka mdogo sana. Niutoe?

nukta_mkato: Usiutoe bado. Data yako ina walioajiriwa tu. Waliofeli mtihani hawamo, kwa hiyo alama zimebanana na uhusiano unapungua. Ila usirekebishe mbano huo kupita kiasi. Schmidt na Hunter (1998) waliupa uwezo wa akili uwiano wa 0.51 na utendaji kazini, Sackett na wenzake (2022) wakaushusha hadi 0.31, usaili wenye maswali yaliyopangwa ukaongoza kwa 0.42, hasa kwa kupinga jinsi marekebisho hayo yalivyofanywa.

afisa_ajira: Na hizo alama za wasimamizi, zinatoka kwa wangapi? Kuna msimamizi ambaye 4 kwake ni sifa kubwa, na mwingine 4 anampa kila mtu. Toa wastani wa kila msimamizi kwenye alama za watu wake kabla hujaendesha chochote, mradi hakuna aliyepewa timu ya wachapakazi watupu.