Wanafunzi wangu wote wa S.2 (kidato cha pili) wanataka udaktari na urubani, nianzie wapi?

Mwalimu_Mpakani
Habari zenu ndugu. Nafundisha Kiswahili hapa Busia, upande wa Uganda, na muhula huu nimekabidhiwa pia ushauri wa kazi kwa S.2. Juzi niliwapa karatasi waandike kazi wanayoitaka. Nilipozikusanya nikakuta daktari, nesi, wakili, rubani, basi. Marubani walikuwa tisa. Nikauliza nani amewahi kuiona ndege ikiwa chini, hakuna aliyenyoosha mkono.

Yuko binti mmoja hanitoki akilini. Jumamosi nilimkuta sokoni kwenye kibanda cha mama yake, wanauza mukene, wale dagaa wa ziwani. Mteja akalipa nusu pesa ya Kenya, nusu ya Uganda. Mtoto akapiga hesabu kichwani na kurudisha chenji kabla mimi sijatoa pochi. Kwenye karatasi ameandika "nesi". Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu: "Shangazi amesema."

Mwakani wanaingia S.3, wanachagua masomo ya hiari. Shule haina hela ya basi la kuwapeleka Kampala. Nifanyeje? Na wazazi niwaambie nini?

Wakala_wa_Forodha
Mwalimu, Kampala ya nini na wewe uko mpakani? Waje kwa miguu. Lori moja la mahindi hapa linapita kwa dereva, kwa wakala anayejaza nyaraka, kwa ofisa wa forodha, kwa mkaguzi wa mimea na kwa mtu wa viwango. Mwaka 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayopimwa maabara, malori yalilala foleni, na hapo ndipo wengi wetu tulipoelewa mtu wa maabara ana kazi gani.

Andika barua mapema, uje na watoto kumi kumi. Wamuulize kila mtu: leo umeanza kazi saa ngapi? Ukikosea kunatokea nini? Baada ya S.4 ulisoma nini? Mshahara nao waulize, ila mwishoni. Na kwa kuwa wewe ni wa Kiswahili, mahojiano hayo yawe ndiyo insha yao.

Mama_Watatu
Wazo zuri, lakini naomba uende polepole. Mwanangu alipokuwa na miaka 14, mwalimu wake alimwambia mbele ya darasa zima: hesabu zimekushinda, nenda ufundi. Ufundi wenyewe alikuwa anaupenda. Siku hiyo akauchukia. Hata huyo binti wa mukene, usije ukamtoa kwenye unesi ukamfungia kwenye uhasibu. Wewe umemwona Jumamosi moja tu.

Fundi_Geti
Mama umesema kweli, pole kwa mtoto. Mimi nachomelea mageti Mbale. Fremu ikishaungwa napima kutoka kona hadi kona ya mkabala, kisha napima zile kona nyingine mbili. Vipimo vikilingana, fremu iko sawa. Vikipishana, hata ukipaka rangi ya namna gani geti litakuja kukwama. Ni hesabu ileile ya pembetatu wanayofanya darasani, kwa hiyo anayesema ufundi ni wa waliofeli hesabu hajawahi kushika futi.

S.4 sikufanya vizuri. Cheti nilikipata kwa mtihani wa vitendo, wakati ule ukisimamiwa na DIT, idara ya serikali ya mafunzo ya ufundi, nikiwa tayari niko kazini. Ukiwaleta kwa fundi, wavae viatu vya kufunika miguu, na wasiutazame moto wa kuchomelea kwa macho matupu.

Ticha_Arua
Nikuondolee hofu moja. Katika mtaala huu ulioanza 2020, fizikia, kemia na baiolojia ni lazima mpaka S.4. Kwa hiyo mtoto akichagua kilimo au sanaa kama somo la hiari, mlango wa udaktari haujafungwa. Uamuzi mzito unakuja S.5, pale atakapochagua masomo yake makuu. Anayetaka udaktari hapo asiache baiolojia na kemia. Wazazi wa wanafunzi wangu niliwaeleza hivyo kwenye kikao, nikaliandika ubaoni, kelele zikapungua.

Kumbuka pia kwamba kazi za darasani na miradi zinabeba asilimia 20 ya matokeo ya S.4. Watoto wakizoea mapema kutoka, kuuliza na kuandika, hata hapo itawasaidia.

Mwalimu_Mpakani
Asanteni sana, nimewasoma wote. Mama Watatu, maneno yako nimeyachukua. Jana nilikaa na yule binti, habari za uhasibu sikuzitaja kabisa. Nilimuuliza tu angependa kumhoji nani kwanza. Akasema nesi wa zamu ya usiku, anataka kujua huwa analala saa ngapi. Barua ya kituo cha afya nimeipeleka leo asubuhi.