Marubani waliosafirishwa kwa mchango

Salma: Shikamooni nyote. Mjomba lile swali lako la vita ya pili ya dunia, kama marubani walikuwa wanafia vitani tu, kwa upande wa Marekani tu watu kama 15,000 walikufa kwenye ajali za mafunzo ya ndege za jeshi hukohuko kwao, hawajamwona hata adui

Mjomba Rashidi: Marahaba mama. Elfu kumi na tano?? Ikawaje

Salma: Haraka mjomba. Jeshi linataka marubani upesi, kijana wa miaka 19, 20 miezi michache tu tangu aanze kujifunza anapewa dege zito arushe usiku, mara ukungu, mara wanagongana huko juu wakijifunza kuruka karibukaribu, na ndege zingine zishachoka spea hakuna

Bakari: Na mabinti walikuwemo, wanaitwa WASP, yaani marubani wanawake waliorushia ndege jeshi la Marekani, zaidi ya 1,000, mafunzo yao Sweetwater huko Texas. Walikua wanapeleka ndege kutoka kiwandani, wengine wanavuta kitambaa nyuma ya ndege ili askari wa chini wajifunze kulenga, na risasi ni za kweli. Walikufa 38, kati yao 11 wakiwa bado mafunzoni

Shangazi Mwajuma: Risasi za kweli na juu yuko binti wa watu 😢

Salma: Shangazi kuna Mabel Rawlinson, miaka 26, Agosti 1943 pale Camp Davis, North Carolina, mafunzo ya usiku, ndege ikaanguka ikashika moto. Mwalimu wake alirushwa nje akapona, yeye akanasa ndani maana komeo la kifuniko cha juu lilikuwa bovu, na ubovu wenyewe ulisharipotiwa kabla, halikutengenezwa. Wenzake wanamsikia anavyolia. Hiyo mimi inaniuma mno

Shangazi Mwajuma: Ya Rabbi

Bakari: Sasa sheria iliwahesabu raia sio askari, kwa hiyo binti akifa jeshi halisafirishi maiti, bendera kwenye jeneza hakuna, ikabidi marubani wenzake wachangishane afike kwao

Mjomba Rashidi: Wachangishane!! Sisi mtaani mtu akifiwa tunapitisha daftari kwa sababu hatuna kitu, lakini lile ni jeshi lina ndege maelfu linashindwaje nauli ya jeneza la mtoto aliyefia kwenye ndege yake?

Shangazi Mwajuma: Na hao waliochanga asubuhi yake wanapanda ndege zilezile

Salma: Walipanda shangazi. Na kuna rubani mwingine binti, Cornelia Fort, alikuwa angani Hawaii anamfundisha mwanafunzi ile asubuhi Wajapani wanashambulia Pearl Harbor, kambi ya majini ya Marekani hukohuko Hawaii, Desemba 1941, akatua salama. Machi 1943 akafa Texas ana miaka 24, wanapeleka ndege kwa pamoja, ndege ya mwenzake ikaigonga yake

Bakari: Hao WASP kutambuliwa kama maveterani, yaani askari wa zamani, ni 1977, nishani ya dhahabu ya Kongresi, bunge la Marekani, 2010

Mjomba Rashidi: 2010 mzazi gani yupo hai tena. Wale wazee ndo walitakiwa wakabidhiwe bendera siku ya mazishi, mbele ya watu