Miriam Makeba aliigiza pia?

Swali (Ngamiani, Tanga):
Shikamooni wakubwa. Bibi yangu akikuna nazi huimba "Malaika" ile ya Makeba, yule mwimbaji wa Afrika Kusini, mbuzi ikikwaruza kwa mapigo yake. Anasema Makeba aliigiza pia. Kweli?

Jibu:
Marahaba mwanangu. Kweli kabisa. Mwaka 1959 aliigiza Johannesburg katika King Kong, mchezo wa jukwaani wenye muziki, akiwa mwenye kilabu cha pombe. Mwaka 1960 mama yake akafariki, mwenyewe yuko Marekani; alipotaka kwenda kumzika, pasipoti yake imeshafutwa na serikali ya kwao! Hapo roho huniuma. Alirudi kwao 1990.

Jibu:
Na tuzo ya muziki ya Grammy ya 1966, yeye na mwimbaji wa Marekani Harry Belafonte, ni kwa albamu yenye "Malaika" hiyohiyo.

Muulizaji:
Nimemsomea bibi. Kashika kifuu, kanyamaza, kisha akasema, "Hata mama yake hakumzika?"