Kungoja majibu ya sayansi ya siasa: Marekani, Montréal, Ubelgiji au Kampala?

Kasapa_L2, Lubumbashi

Wandugu, mada hii ni ya waliokwisha kutuma maombi. Wengi hapa bado wanauliza chuo kipi ni kizuri zaidi. Swali hilo lilikuwa la Oktoba. Sasa kinacholinganishwa ni tarehe tatu: jibu linatoka lini, chuo kinadai pesa lini, na viza inakula wiki ngapi. Njia hizi nne haziendi pamoja. Ndiyo maana mtu hulipia kushika nafasi mahali pamoja mwezi wa tatu, halafu mwezi wa nne anapata pengine penye ufadhili, na pesa ya kwanza hairudi.

Marekani, kwa uzamivu, maombi hufungwa kati ya Desemba mosi na katikati ya Januari. Majibu huanza mwishoni mwa Januari, hujaa Februari, na kufikia katikati ya Machi mengi yameshatoka. Idara nyingi kubwa humpa aliyekubaliwa ada yote na posho kwa miaka 5 hivi, naye anafanya kazi ya usaidizi wa kufundisha au utafiti. Uzamili si sharti kwenye idara nyingi. Kwa hiyo mwenye lisansi ya zamani, ile ya miaka 5, asijione amekosa ngazi.

Montréal, Québec na Ubelgiji ni uzamili kwa Kifaransa, na lugha hiyo tunayo. Lakini huko barua ya kukubaliwa na barua ya pesa ni vitu viwili, mara nyingi kutoka ofisi mbili. Kampala na Dar es Salaam ni karibu na gharama ni ndogo, ila ufadhili ni haba. Mwaka wa Makerere huanza Agosti, wa Dar es Salaam kwenye Oktoba au Novemba.

Mimi naweka Marekani katikati ya kalenda na kuzipanga nyingine kuizunguka, kwa sababu ndiyo pekee yenye tarehe inayomlinda mwombaji.

Himbi, Goma

Yaya Kasapa, hiyo tarehe uifafanue vizuri, watu wanaielewa vibaya. Ni tarehe 15 Aprili. Vyuo vingi vya Marekani vimesaini makubaliano ya Council of Graduate Schools, umoja wa vyuo vyenye masomo ya juu: aliyepewa ufadhili halazimishwi kujibu kabla ya siku hiyo. Na aliyekubali mapema anaweza kujitoa kwa maandishi hadi siku hiyo hiyo.

Makubaliano hayo yanahusu ofa zenye pesa tu. Ofa ya uzamili usio na ufadhili haimo. Canada na Ubelgiji hazimo. Na chuo chenyewe lazima kiwe kwenye orodha ya waliosaini, ambayo iko wazi mtandaoni. Ukipata barua inayosema "jibu ndani ya siku 10" na chuo kimo kwenye orodha, mwandikie mkuu wa masomo ya uzamivu wa idara, kwa heshima, ukiyataja makubaliano hayo na kuomba muda hadi tarehe 15.

Saa nazo zina mtego. Hadi Jumapili ya pili ya Machi, New York iko nyuma yetu kwa saa 7, baada ya hapo saa 6. Kwa hiyo kama mwisho ni saa kumi na moja jioni ya New York tarehe 15 Aprili, kwetu Goma, Bukavu na Lubumbashi ni saa tano usiku. Aliyeko Kinshasa anahesabu saa nne.

Dada Ibanda, Bukavu

Niongeze kuhusu kimya, maana ndicho kinachowanyima watu usingizi.

Idara haitoi majibu yote siku moja. Waliokubaliwa hutangulia, mara nyingi kwa barua pepe ya profesa kabla ukurasa wa maombi haujabadilika. Waliokataliwa huambiwa kwa mkupuo, pengine wiki kadhaa baadaye. Ukiona kwenye GradCafe, mtandao ambako waombaji huandika majibu waliyopata, kwamba wengine wamepata na wewe hujasikia kitu, maana ziko mbili: uko kwenye orodha ya kusubiri ambayo haijatangazwa, au barua ya kukataliwa haijatumwa. Mtandao ule unafaa kwa kujua kwamba wimbi limeanza. Hauwezi kukuambia nafasi yako.

Jambo lingine ni kwamba nafasi zinagawanywa kwa uwanja: siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa, nadharia, mbinu za utafiti, siasa za Marekani. Mwombaji wa siasa linganishi anayesoma Maziwa Makuu hashindani moja kwa moja na wa nadharia. Kwa hiyo ukiona mtu wa nadharia amekubaliwa, hilo halisemi lolote juu yako.

Kuandika kuuliza: subiri hadi katikati ya Machi, andika mara moja tu, mistari minne. Jina, namba ya maombi, uwanja wako, na swali kama uamuzi umeshafanyika. Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, jibu ndani ya siku mbili tatu useme bado unataka nafasi. Maneno "nikipewa nitakuja" yaandike kwa chuo kimoja tu, na yawe kweli, kwa sababu maprofesa wa uwanja mmoja wanajuana. Orodha hizo husogea zaidi kati ya tarehe 10 na 15 Aprili, wenye ofa mbili wanapoachia moja. Siku hizo simu iwe na moto na megabaiti.

Mwana Katuba, Lubumbashi

Sikubaliani na kuweka Marekani katikati. Ukifuata hesabu hiyo, mwenye nafasi Montréal anangoja hadi 15 Aprili halafu anagundua muda umekwisha. Québec ina hatua mbili: kwanza CAQ, cheti cha serikali ya mkoa, kisha kibali cha kusoma cha serikali kuu. Ya pili haikamiliki bila ya kwanza. Kibali kinagharimu dola 150 za Canada, alama za vidole dola 85. Masomo yanaanza mwanzoni mwa Septemba. Anayeanza CAQ mwezi wa tano anacheza na bahati.

Na msilinganishe ada bila kuuliza nyongeza ya wageni. Vyuo vya Québec vinaweza kumwondolea mwanafunzi nyongeza hiyo, lakini mara nyingi ni baada ya kukubaliwa, na kwa idadi yenye kikomo. Barua ya kwanza ikija bila msamaha, hiyo bado si ofa ya kulinganisha na ya Marekani.

Kasapa_L2

Ndugu Katuba, hapo umenirekebisha vizuri. Basi niseme hivi: CAQ ianze mara barua ya Montréal inapofika, hata kama Marekani haijajibu. Ada yake ikipotea ni ndogo kuliko kupoteza mwaka. Ada kubwa ya kushika nafasi ndiyo isubiri, na chuo kiombwe kuongeza muda kwa maandishi.

Ya Ruashi, Lubumbashi

Kinachoangusha watu wetu ni karatasi, hata waliopata majibu mazuri. Nayataja yanayojirudia.

Diplome yenyewe. Wengi wanaomba kwa atestasheni ya kumaliza, na hiyo inatosha wakati wa kuomba. Baada ya kukubaliwa chuo kinataka matokeo rasmi ya kila mwaka, na diplome au uthibitisho wake. Anayeanza kuifuata mwezi wa tano anachelewa. Ifuate sasa, wakati unangoja. Matokeo yaliyoandikwa kwa Kifaransa yatafsiriwe na mfasiri aliyeapishwa, pamoja na maelezo ya alama: kwetu asilimia 70 ni alama ya juu, lakini anayelisoma faili lako kule Chicago anaona mwanafunzi wa kawaida. Chuo kikiandika kwamba 70 ni distinksheni, tafsiri iyabakize maneno hayo.

Majina. Sisi tuna jina, postnoma (jina la pili) na prenoma (jina la kwanza), fomu zao zina nafasi mbili. Andika kama pasipoti ilivyoandika, kwa mpangilio ule ule, kila mahali. I-20, fomu ya chuo cha Marekani ya kuombea viza, ikitofautiana na pasipoti inabidi irudi chuoni kusahihishwa, na wiki zinaondoka.

Ubelgiji: asiye na ufadhili anahitaji mdhamini, fomu inaitwa annexe 32, na mdhamini huyo aonyeshe mapato. Makerere: anayelinganisha diploma ya serikali ya sekondari ni UNEB, baraza la mitihani la Uganda; wa shahada ni NCHE, baraza lao la elimu ya juu. Anza na UNEB.

Himbi, Goma

Kwa viza ya Marekani: ada ya SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 350, viza dola 185. Tangu Septemba 2025 mahojiano yanatakiwa kufanyika nchini mwako au unakoishi kisheria, kwa hiyo wa Goma asiyeishi Rwanda asipange Kigali. Ni Kinshasa, na nauli ya kufika huko iingie kwenye hesabu ya ulinganisho. Benki za Goma na Bukavu zilipofungwa mwanzoni mwa 2025, kadi ikawa kikwazo. SEVIS inaweza kulipwa na mtu mwingine popote alipo. Mpe namba ya SEVIS, jina na tarehe ya kuzaliwa kama zilivyo kwenye I-20, akutumie risiti.

Mwanafunzi_Kadutu, Bukavu

Aksanti wakubwa. Mtu akiwa na Kampala mkononi na orodha ya kusubiri Marekani, afanyeje? Na bourse (ufadhili) ya Eiffel ya Ufaransa bado inawezekana?

Dada Ibanda, Bukavu

Mdogo wangu, Eiffel haiombwi na mwanafunzi. Chuo cha Ufaransa ndicho kinachompendekeza, na kinafunga faili zake Januari. Matokeo huja majira ya Aprili. Kwa uzamili umri ni hadi miaka 25. Kama chuo hakikukuambia kwamba kimekupendekeza, usiingoje.

Kampala uikubali kwa maandishi, bila kulipa muhula, na uulize tarehe ya mwisho ya kujiandikisha. UNEB na NCHE zianze wiki hii. Tarehe 16 Aprili asubuhi iandikie idara ya Marekani swali moja: orodha imefungwa? Wakisema ndiyo, lipa Kampala. Wakisema bado, wape hadi mwisho wa Aprili, kisha lipa Kampala hata hivyo.