E. coli hawaifuati aspartati kwenye mrija: kosa ni la kipokezi Tar au la maandalizi?

Swali
Wakuu, naomba msaada. E. coli K-12 wameoteshwa usiku kucha kwa nyuzi 37 kwenye midia yenye glukosi 0.4%, wakapitishwa kwenye sentrifuji, kisha wakawekwa kwenye bafa ya fosfati ya pH 7. Mrija mwembamba wenye aspartati 1 mM (asidi amino inayowavuta bakteria) unakusanya bakteria karibu sawa na mrija wa bafa tupu. Jeni ya Tar imesomwa, haina kasoro. Tar huitambuaje aspartati, na nianze kukagua wapi?

Jibu la 1
Usiilaumu Tar kabla ya hadubini. Weka tone moja uangalie: bakteria mzima huenda moja kwa moja kama sekunde moja, anagaagaa kidogo, halafu anashika mwelekeo mwingine. Nadhani utakuta wengi wamesimama. Glukosi hushusha cAMP (molekuli ya ishara ndani ya seli), na bila cAMP jeni za flajela (mikia ya kuogelea) haziwaki. Joto la 37 nalo huzipunguza. Otesha kwenye maji ya triptoni, nyuzi 30, uvune OD (kipimo cha ukungu wa midia) ikiwa karibu 0.5, walioachwa usiku kucha wamechelewa. Sentrifuji iende polepole, na usiwavurute kwa pipeti nyembamba, flajela hukatika. Wazungushe taratibu kwa mkono mpaka waachane.

Bafa yako pia ina upungufu. Ongeza EDTA 0.1 mM kushika metali zinazowazuia kuogelea, laktati 10 mM iwe nishati, na methionini 1 µM. Hiyo ya mwisho watu huiruka, nayo ndiyo inayotengeneza SAM, molekuli inayotoa methili (kikundi kidogo cha kaboni na hidrojeni).

Jibu la 2
Niongezee upande wa Tar. Molekuli mbili za Tar husimama pamoja zikipenya utando wa ndani. Aspartati hukaa kwenye mfuko ulio kati ya hizo mbili, upande wa nje, ikishikwa na arginini za pande zote mbili. Ikikaa, heliksi moja (sehemu ya protini iliyojisokota) husukumwa kuelekea ndani ya seli kwa umbali wa nanomita 0.1 hadi 0.2 tu. Msukumo huo mdogo unatosha kuzima CheA, kimeng'enya kilichoungana na Tar kule chini. CheA ikizimika haiipi tena CheY (protini inayopeleka ujumbe kwenye mota) fosfati, kimeng'enya CheZ kinaondoa fosfati iliyobaki, na mota za flajela zinaendelea kuzunguka kinyume cha saa. Bakteria hagaagai, anasonga mbele.

Sasa njoo kwenye methili. Kimeng'enya CheR huibandika methili kwenye kipokezi, kingine, CheB, huibandua. Aspartati ikibaki ileile, methili huongezeka mpaka CheA inawaka tena kama mwanzo. Kwa hiyo Tar hailinganishi kichwa na mkia wa seli yenye mikromita 2. Inalinganisha sasa na sekunde chache zilizopita. Bila methionini kumbukumbu hiyo inakufa, na bakteria anaweza kuogelea vizuri kabisa bila kufuata chochote.

Muulizaji
Asanteni sana. Je, nikiweka aspartati 1 mM kwenye kidimbwi cha bakteria ambamo mrija huchovywa pia ili waizoee, itasaidia?

Jibu la 2
Hapana, utaua jaribio. Mrija na kidimbwi vikilingana hakuna mteremko wa kufuata. Kiasi hicho pia kimeshajaza mifuko ya Tar, ambayo hufanya kazi tangu mikromola chache. Kidimbwi kiwe bafa tupu.

Jibu la 1
Na usitegemee mkolezo mmoja. Panga mirija kuanzia 1 µM hadi 100 mM, kila mmoja mara 10 ya uliotangulia. Idadi itapanda, ifike kilele, ishuke. Bakteria wasizidi kama milioni 10 kwa mililita, wakizidi wanamaliza oksijeni na kula aspartati yenyewe. Saa moja kwa nyuzi 30 inatosha. Ukitoa mrija, suuza nje yake kabla ya kumwaga kilichomo, la sivyo utahesabu walionata kwenye kioo. Hapo ndipo mrija wa bafa tupu huonekana umejaa.

Ukitaka kujaribu maltosi, otesha na maltosi kwanza. Tar haiigusi moja kwa moja: inaishika protini inayofunga maltosi, na hiyo hutengenezwa kwa wingi pale tu sukari hiyo ipo.