Naomba ushauri: vibarua wa mradi wangu wote wako juu ya mikarafuu
Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nimekabidhiwa kusimamia ujenzi wa madarasa 3 Micheweni, Pemba, mara yangu ya kwanza. Pesa ipo, ramani ipo. Nilichosahau kwenye ratiba (na mimi Mpemba wa kuzaliwa!) ni karafuu. Zimeiva, vibarua wamenikimbia, na siwalaumu: kule wanalipwa kwa pishi (kipimo cha karafuu walizochuma), siku hiyohiyo. Saruji nayo bado iko bandari ya Mkoani inasubiri gari, na vuli hiyo inakuja. Ikirowa ndiyo basi. Akiba ya dharura niliweka asilimia 5 tu.

Niongeze ujira, nilete mafundi kutoka Unguja kwa nauli na malazi juu yangu, au nimwombe mfadhili asogeze tarehe? Na huyo mfadhili namwanzaje? Mliowahi kusimamia kazi Pemba, nisaidieni.