Mjadala: Gari la Uingereza lipewe jina la Kiingereza, au hiyo ni kasumba?

Wakuu, hili linanikosesha raha, naomba tulijadili kwa moyo mweupe. Nina Mini ya mwaka 1965, gari ninalolipenda kupita kiasi, na nataka kulipa jina lenye sauti ya Uingereza. Nilipowaeleza marafiki zangu, mmoja akanikata kauli palepale: hiyo ni kasumba, gari ni lako, lipe jina la lugha yako. Wa pili akaniunga mkono, ila yeye akataka liitwe Winston. Sikubaliani na yeyote kati yao.

Nianze na kasumba, maana ndiyo hoja nzito. Mtoto wangu nitamwita jina la ukoo wetu, hapo sina mjadala. Lakini gari hili sikulizaa, limenijia likiwa na kwao. Mgeni akibisha hodi, unamuuliza jina lake, humbandiki lako mlangoni. Tena gari hili majina yamelizonga tangu siku ya kwanza. British Motor Corporation walipolizindua Agosti 1959 waliliuza kwa majina mawili, Austin Seven na Morris Mini-Minor. Gari lilelile! Wateja wa chapa ya Austin walikuwa na mapenzi yao na wateja wa chapa ya Morris yao, na kampuni ilijua kwamba jina huingia moyoni mwa mnunuzi kabla ya injini.

Halafu tusiuchukulie Uingereza kama kitu kilichozungushiwa ukuta. Alec Issigonis, aliyelibuni gari hili, alizaliwa mwaka 1906 Smyrna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki. Baba yake alikuwa wa asili ya Kigiriki, mama yake wa asili ya Kijerumani. Kwa hiyo ninapotafuta jina la Kiingereza sitafuti damu. Natafuta sauti ya mahali lilipoundwa na ya watu walioliendesha mwanzo.

Na hapo ndipo ninapoachana na yule wa Winston. Mini ilitokana na uhaba. Mgogoro wa Suez wa mwaka 1956 ulileta mgao wa petroli Uingereza, ikatakiwa gari dogo linalokunywa kidogo. Issigonis akailaza injini kwa upana, akafunga magurudumu ya inchi 10, na ndani ya urefu wa mita 3 na ushee akapata nafasi ya watu wanne na mizigo yao. Gari la mgao wa petroli unalipaje jina la waziri mkuu, Winston Churchill? Mimi hata Elizabeth silitaki. Majina ya ikulu tuyaachie magari ya ikulu.

Waingereza wenyewe walishatuonyesha njia. Mwaka 1926 J. G. Parry-Thomas alivunja rekodi ya dunia ya mwendo kasi kwenye ufukwe wa Pendine, Wales, zaidi ya kilomita 270 kwa saa, akiwa na gari kubwa la kutisha lenye injini ya ndege. Alilinunua baada ya mmiliki wake wa awali kufariki, akalipa jina jipya: Babs. Si Simba wala Radi. Babs, kifupi cha Barbara, jina la kumwitia dada jikoni. Mwaka uliofuata alifia ndani yake kwenye ufukwe uleule, na gari likazikwa mchangani. Lilifukuliwa 1969, na bado linaitwa Babs. Jina la nyumbani limedumu namna hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo lugha yetu inatupa bure. Waingereza wana desturi ya kuliita gari “she”, kama mwanamke, ndiyo maana hubishana kama jina liwe la kike, Doris, au la kiume, Stanley. Sisi hatuna shida hiyo. Gari bila jina limelala, limechoka, limewaka. Lipe jina, papo hapo linahama ngeli: amelala, amechoka, ameamka. Hiyo “a” haiulizi mume wala mke. Kwangu mimi hapo ndipo gari linapokuwa mwenzako, na wala halijabadilishwa hata parafujo moja.

Nikiingia ndani, mlango wangu hauna kitasa cha kufungulia. Kuna kamba nyembamba imepita juu ya mfuko mkubwa wa mlango, unaivuta kwa vidole viwili na mlango unaachia. Spidomita iko katikati ya dashibodi, duara kama sahani, abiria wote wanaiona. Hicho ni chombo cha mtu wa kawaida aliyewahi kazini asubuhi, kwa hiyo jina lake litoke kwa watu hao: Mabel, Edith, Stanley, Doris. Reginald nimelitoa mapema, maana jina ambalo ulimi unajikwaa unapolibembeleza gari liwake halitadumu wiki.

Mimi nimefika kwa Doris. Ni fupi, ni la enzi za wazazi wa watu walionunua Mini za kwanza, na ninaweza kulitamka nikiwa nimevuta pumzi nusu.

Wenye hoja ya kasumba, nanyi wa Winston, uwanja ni wenu. Ila atakayemkataa Doris aje na jina mkononi.